Somo la Kumi na Nne: Kuhesabu Bata wa Bahari za Kaskazini

Katika masomo yaliyopita tulijifunza kwamba wako ndege wasiokaa mahali pamoja mwaka mzima. Mbayuwayu na korongo weupe hufika kwetu kutoka Ulaya na Asia wakati baridi ya huko inapokaribia, nao hurejea makwao miezi michache baadaye. Ndege wa namna hii huitwa ndege wahamaji. Katika somo hili tutasoma habari za bata wahamaji ambao hawafiki kwetu kamwe. Makao yao ni bahari za kaskazini, zile zinazopakana na barafu. Tutajifunza jinsi wataalamu wanavyopata kujua kama bata hao wanaongezeka au wanapungua, na kwa nini kazi hiyo ni ngumu kuliko tunavyodhani.

Fungua atlasi yako. Tafuta Alaska, ambayo ni jimbo la Marekani lililo katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Ng'ambo yake utaiona nchi ya Urusi. Bahari iliyo kati ya nchi hizo mbili huitwa Bahari ya Bering. Sasa tafuta Bahari ya Baltiki, iliyozungukwa na Sweden, Ufini, Poland na nchi nyingine za Ulaya. Usifunge atlasi, kwa maana tutarudi katika bahari hizi mbili mara kwa mara.

Bata wa baharini

Bata tunaowafuga nyumbani hupenda madimbwi, nao hutafuta chakula kwa kuingiza midomo katika tope. Bata wa baharini ni tofauti. Sehemu kubwa ya mwaka huishi juu ya maji ya chumvi, na hulala humo humo. Hupata chakula kwa kupiga mbizi mpaka sakafu ya bahari, ambako hula kome, chaza na kaa wadogo. Huwameza kome pamoja na magamba yao, kisha firigisi yenye nguvu huyasaga magamba hayo. Manyoya yao ni mazito na yamepakwa mafuta ya mwili, hivyo maji ya baridi kali hayawafikii ngozini.

Wakati wa majira ya joto, ambayo huko kaskazini ni mafupi, bata hawa huja nchi kavu kutaga. Wengi hutaga katika tundra, yaani nchi tambarare isiyo na miti, ambayo ardhi yake ya chini hubaki imeganda mwaka mzima. Jike hujenga kiota karibu na kidimbwi, hung'oa manyoya laini ya kifuani pake, na kuyatandika chini ya mayai. Dume hakai kuyalinda mayai. Jike akisha kuanza kuatamia, dume huruka kurudi baharini. Kumbuka jambo hili, kwa sababu wahesabuji wa bata hulitegemea sana.

Mmoja wa bata wa baharini hatutamwona tena. Huyo ni bata wa Labrador, aliyekuwa akiishi pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini. Wa mwisho anayejulikana kwa hakika aliuawa mwaka 1875 karibu na Long Island, New York. Watu wengine husema aliangamizwa na wawindaji, wengine husema mayai yake yalichukuliwa mno, na wengine husema alikosa chakula. Ubishi huo hauwezi kuamuliwa. Hakuna mtu aliyewahesabu bata hao walipokuwa hai, wala hakuna aliyeandika ni mwaka gani walianza kupungua au ni mahali gani walipungua kwanza.

Namna ya kuhesabu

Je, mtu anawezaje kuwahesabu ndege waliotawanyika katika nchi kubwa isiyo na barabara? Hawezi kuwahesabu wote. Huhesabu sehemu ndogo tu, kisha hupiga hesabu ili kukadiria idadi ya wote. Sehemu hiyo ndogo huitwa sampuli.

Huko Amerika ya Kaskazini bata wa nchi kavu na wa baharini huhesabiwa kwa kutumia ndege ndogo za injini. Ili tusichanganye ndege mwenye manyoya na ndege ya kusafiria, katika somo hili tutaiita ya pili eropleni. Tangu mwaka 1955 eropleni hizo zimekuwa zikiruka karibu kila mwaka wakati wa kutaga, kwa kufuata mistari ile ile iliyonyoka. Rubani hutazama upande mmoja na mwenzake hutazama upande wa pili. Kila mmoja huhesabu bata walio ndani ya meta 200 tu kutoka kwenye mstari. Kwa hiyo eneo linalohesabiwa ni ukanda wenye upana wa meta 400.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme eneo lote lina kilometa za mraba 1,000. Eropleni imeruka kilometa 100 juu yake. Ukanda uliotazamwa ni kilometa 100 mara kilometa 0.4, yaani kilometa za mraba 40. Katika ukanda huo wameonekana bata 60. Basi kila kilometa ya mraba ina bata 1.5 kwa wastani, na eneo lote linakadiriwa kuwa na bata 1,500.

Lakini je, watazamaji waliwaona bata wote waliokuwa katika ukanda? Hapana. Eropleni hupita kwa kasi, na jike anayeatamia hufanana na majani makavu yaliyomzunguka. Ndipo tunapokumbuka habari ya dume. Dume ana rangi za kung'aa, naye huonekana upesi. Mtazamaji akimwona dume mmoja peke yake kandokando ya kidimbwi, huandika bata wawili, maana anajua kwamba jike yupo karibu ingawa hakuonekana. Zaidi ya hayo, watu hutembea kwa miguu katika viwanja vichache vilivyopimwa, wakatafuta viota kimoja kimoja. Ikiwa watu wa miguu wamepata bata watatu mahali ambapo eropleni iliona wawili, basi hesabu ya eropleni huzidishwa kwa 1.5. Katika mfano wetu, bata 1,500 watakuwa 2,250.

Tarehe nayo ni muhimu. Barafu ikiyeyuka mapema mwaka fulani, bata hutaga mapema, na madume huondoka mapema. Eropleni ikichelewa itawakuta wamekwisha kwenda, na hesabu itakuwa ndogo ingawa hakuna bata aliyekufa. Kwa sababu hiyo mhesabuji mwangalifu haamini hesabu ya mwaka mmoja. Hungojea aone hesabu za miaka mingi zikielekea upande mmoja.

Kazi ya kufanya

Vitu vinavyohitajiwa: punje za mahindi, kijiti, na vipande 100 vya karatasi vilivyoandikwa namba 1 mpaka 100.

Chora ardhini mraba wenye pande za meta 2. Ugawe katika miraba midogo 100 ya sentimeta 20, na kila mmoja uupe namba. Kundi moja la wanafunzi lihesabu punje kwa siri, lisiwaambie wenzao idadi yake, kisha lizitawanye punje hizo katika mraba wote. Kundi la pili lichague vipande 10 vya karatasi bila kutazama, lihesabu punje zilizo katika miraba yenye namba hizo, na lizidishe jumla kwa 10. Linganisheni jibu na idadi ya kweli.

Rudieni zoezi hilo, lakini safari hii punje zote zirundikwe katika miraba mitatu au minne tu. Mtaona kwamba mara nyingine kundi la pili linapata sifuri, na mara nyingine linapata idadi kubwa kupita kiasi. Sampuli hufaa ikiwa vitu vimetawanyika. Vikiwa vimekusanyika pamoja, sampuli hudanganya.

Eida wa miwani

Sasa tutasoma habari za bata mmoja ambaye kumhesabu kuliwapa wataalamu taabu nyingi. Jina lake ni eida wa miwani. Ameitwa hivyo kwa sababu dume ana duara kubwa jeupe lenye ukingo mweusi kuzunguka kila jicho, na huonekana kama mzee aliyevaa miwani. Bata hawa hutaga mahali patatu: pwani ya kaskazini ya Urusi, ambako walio wengi hutaga; pwani ya kaskazini ya Alaska; na delta ya mito miwili, Yukon na Kuskokwim, iliyo magharibi mwa Alaska. Delta hiyo ni nchi ya majimaji yenye vidimbwi visivyo na idadi. Ukiilinganisha na delta ya Rufiji, utaona kwamba ile ya Rufiji ni ndogo sana, nayo ina mikoko, ambapo ile ya Alaska haina hata mti mmoja upande wa pwani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikadiriwa kwamba jozi zipatazo 48,000 za eida wa miwani zilikuwa zikitaga katika delta hiyo. Mwaka 1992 jozi zilizokadiriwa hazikufika 2,000. Maana yake ni kwamba, mahali palipokuwa na jozi 100, zilibaki jozi 4 tu. Mwaka 1993 serikali ya Marekani ilimwandika eida wa miwani katika orodha ya viumbe vinavyotishiwa na hatari ya kutoweka.

Hapo likazuka swali ambalo kila mhesabuji wa ndege wahamaji hukutana nalo. Je, bata hao wamekufa, au wamehamia mahali pengine? Ukikuta kibanda cha kuku kitupu asubuhi, huwezi kujua mara moja kama kuku wameliwa na kicheche au wametoka kwa sababu mlango uliachwa wazi. Ni lazima utafute dalili nyingine.

Dalili ya kwanza ilitokana na pete. Wataalamu walikuwa wamewakamata majike na kuwavisha pete ndogo miguuni zenye alama. Pete hizo zilionyesha kwamba jike hurudi kutaga mahali pale pale mwaka baada ya mwaka. Jike wa namna hiyo hahami ovyo. Asiporudi, yaelekea amekufa.

Lakini anakufa wapi? Baada ya majira ya joto bata wote huondoka katika delta na kuingia baharini, na hakuna mtaalamu aliyejua wanakaa wapi wakati wa baridi. Kwa zaidi ya miaka 100 wataalamu wa ndege walikuwa wameuliza swali hilo bila kupata jibu. Bahari ya Bering wakati huo huwa imefunikwa na barafu, jua huonekana kwa saa chache, na meli hazipiti kwa urahisi.

Katika miaka ya 1990 wataalamu, miongoni mwao Margaret Petersen na William Larned, walitumia njia mpya. Daktari wa wanyama alimpasua bata kwa uangalifu, akamtia chombo kidogo cha redio ndani ya mwili, na kumshona. Chombo hakikufungwa mgongoni kwa sababu kingemzuia kupiga mbizi. Ishara za redio zilipokewa na setilaiti, yaani chombo kinachoizunguka dunia juu angani, na setilaiti ilitoa habari ya mahali alipo bata. Mwanzoni mwa mwaka 1995 ishara ilitokea mahali pasipotazamiwa kabisa: katikati ya barafu ya Bahari ya Bering, kusini ya kisiwa cha St. Lawrence. Eropleni ikapelekwa huko. Watazamaji waliona barafu tupu kila upande. Kisha katika nyufa za barafu, penye maji wazi, waliona bata wamesongamana maelfu kwa maelfu. Bata wenyewe, kwa wingi wao na kwa joto la miili yao, husaidia kuyazuia maji yasigande.

Kumbuka zoezi la punje zilizorundikwa. Bata waliokusanyika katika nyufa chache hawawezi kuhesabiwa vizuri kwa sampuli. Kwa hiyo wataalamu waliyapiga picha makundi kutoka angani, wakazipeleka picha nyumbani, na kuhesabu ndege mmoja mmoja katika picha. Ni kazi ya kuchosha macho, lakini faida yake ni kubwa, maana mahali hapo hukutana bata wa Urusi na wa Alaska pamoja. Hesabu za miaka ya 1990 zilionyesha zaidi ya bata 300,000. Hesabu ya mwaka 2010 ilionyesha yapata 369,000.

Basi eida wa miwani hakuwa karibu kutoweka duniani kama ilivyohofiwa. Hata hivyo jibu hilo halikuwaondolea watu wa delta wasiwasi wao. Ikiwa bata wote hukaa mahali pamoja wakati wa baridi, na wa delta ndio waliopungua vibaya kiasi hicho, basi chanzo kimoja kikubwa cha vifo lazima kitafutwe katika delta yenyewe.

Risasi katika firigisi

Katika Kiswahili neno risasi lina maana mbili. Ni kile kitu kinachotoka katika bunduki, na pia ni madini mazito, laini, yenye rangi ya kijivu. Maana zote mbili zinahusika hapa. Bunduki ya kuwindia ndege hutoa vipande vingi vidogo vya mviringo viitwavyo marisau, na zamani marisau yalitengenezwa kwa madini ya risasi. Machache humpata ndege. Mengi huanguka katika vidimbwi. Katika delta ya Alaska ardhi ya chini imeganda, kwa hiyo marisau hayazami mbali. Hukaa juu ya tope kwa miaka mingi.

Bata humeza vijiwe ili visaidie kusaga chakula katika firigisi. Risau hufanana na kijiwe. Bata akilimeza, firigisi hulisaga, asidi ya tumbo huliyeyusha, na sumu ya risasi huingia katika damu. Wataalamu waliwapima majike wa delta kwa kuchunguza damu yao na kwa kuwapiga picha za eksirei, na marisau yalionekana waziwazi. Kisha walilinganisha majike wenye risasi katika damu na wale wasiokuwa nayo. Katika kila majike 100 wasio na risasi, 78 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja. Katika kila majike 100 wenye risasi, walikuwa hai 44 tu.

Tofauti hiyo huzidi kukua. Ikiwa 78 katika 100 huishi kila mwaka, baada ya miaka mitatu watabaki majike 47 hivi. Ikiwa ni 44 katika 100, baada ya miaka hiyo mitatu watabaki 8 au 9. Bata wa baharini huzaa polepole, na makinda wengi hufa wakiwa wadogo. Jike mmoja huhitaji kuishi miaka mingi ili aache watoto wa kutosha. Ndiyo sababu kifo cha jike mzima ni hasara kubwa kuliko kupotea kwa mayai ya msimu mmoja.

Mwaka 1991 Marekani ilipiga marufuku matumizi ya marisau ya risasi katika kuwinda ndege wa majini nchini kote. Yalitumika badala yake marisau ya chuma cha pua na madini mengine. Katika vijiji vya mbali vya delta, ambako Wayupik wamewinda bata kwa chakula tangu zama za mababu, sheria hiyo ilichukua muda kueleweka na kufuatwa, na marisau ya zamani bado yalikuwa vidimbwini. Katika miaka ya 2000 idadi ya viota ilianza kupanda polepole. Sasa wataalamu wanatazama jambo jingine. Wakati wa baridi bata hupumzika juu ya barafu baada ya kupiga mbizi meta 40 mpaka 70 kutafuta chaza. Mwaka 2018 barafu ya Bahari ya Bering ilikuwa ndogo kuliko miaka yote iliyokwisha kupimwa kwa setilaiti. Bata asiye na barafu ya kupumzikia hulazimika kuogelea daima, naye hutumia nguvu nyingi zaidi.

Bahari ya Baltiki

Yuko bata mwingine aitwaye bata mkia-mrefu. Wengi wa bata hao wanaotaga kaskazini mwa Urusi hukaa Bahari ya Baltiki wakati wa baridi. Kwa kutumia meli na eropleni, wataalamu wa nchi zinazoizunguka bahari hiyo waliwahesabu mwaka 1992 na 1993, wakapata yapata 4,300,000. Walihesabu tena kati ya mwaka 2007 na 2009, wakapata yapata 1,500,000. Mwaka 2012 bata huyo aliwekwa katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini.

Hapa sababu si moja. Wavuvi hutega nyavu zinazosimama majini, mfano wa jarife za wavuvi wa pwani yetu, na bata akipiga mbizi hunaswa na kufa maji. Mafuta yamwagwayo na meli huharibu manyoya. Hata doa dogo huacha maji ya baridi yapite mpaka ngozini. Tena wataalamu wameona kwamba makinda wanaofika pamoja na wakubwa wao ni wachache. Huko tundra mbweha hula panya wadogo waitwao lemingi, na lemingi wakiwa wachache, mbweha hugeukia mayai na vifaranga.

Kazi kama hii hufanyika kwetu pia. Tangu mwaka 1991, kila mwezi wa Januari, watu wa kujitolea huhesabu ndege wa majini katika maziwa ya Kenya kama Nakuru na Naivasha. Mwaka 1995 yalifanyika mapatano ya kuwahifadhi ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia. Kenya, Uganda na Tanzania zimo katika mapatano hayo, na bata mkia-mrefu wa Baltiki yumo katika orodha yake.

Maswali

1. Kwa nini mtazamaji akiona dume mmoja peke yake huandika bata wawili?

2. Katika eneo la kilometa za mraba 600, eropleni imeruka kilometa 50 na kuona bata 30 ndani ya ukanda wa meta 400. Kadiria idadi ya bata katika eneo lote.

3. Kati ya hesabu ya kwanza na ya pili katika Bahari ya Baltiki, bata walipungua kwa asilimia ngapi?

4. Pete na chombo cha redio vilijibu maswali mawili tofauti kuhusu eida wa miwani. Yataje maswali hayo.

5. Mwaka fulani idadi ya bata katika ziwa imeshuka kwa nusu. Mtu mmoja anasema wamekufa, mwingine anasema wamehamia ziwa jingine. Ungetafuta dalili gani ili ujue nani anasema kweli?